Mpeni Mchapaji Kiti

Anayebeba magunia sokoni tunampa pole. Anayeketi chini ya feni mbele ya kompyuta tunamwambia hongera, umepata kazi ya kukaa. Naomba leo naye tumpe pole kidogo, maana kukaa huko ni kazi ya mwili. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na kila kinapoinamia skrini, misuli ya shingo na mabega ndiyo inayokishikilia. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 25 na kustaafu akiwa na 60 atakishikilia hivyo kwa miaka 35.

Maradhi ya kukaa na kuandika yana umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwaka 1713 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alipotoa upya kitabu chake cha maradhi ya wafanyakazi, aliongeza sura ya waandishi na makarani. Alitaja sababu tatu: kukaa muda mrefu, mkono kurudia mwendo uleule, na akili kukazana isikosee. Akasimulia habari za karani mmoja aliyeandika maisha yake yote hadi mkono wa kulia ukapooza. Karani akajifunza kuandika kwa wa kushoto, na baada ya muda nao ukapatwa na yaleyale.

Basi tuanze na kiti. Mkuu wa ofisi atasaini ununuzi wa kompyuta ya milioni mbili, halafu atakayeitumia anavutiwa kiti cha plastiki kilichobaki kwenye sherehe. Kiti kinachofaa hupanda na kushuka, na huegemeza kiuno. Kama hela haipo mwezi huu, rimu za karatasi zipo: mbili chini ya skrini zinaipandisha sentimita 10 hivi. Ukingo wake wa juu ufike usawa wa macho, nayo ikae umbali wa mkono ulionyooshwa. Viwiko vikae karibu na mbavu, nyayo zitue sakafuni; aliye mfupi awekewe kibao. Mwenye laptopu aipandishe vilevile, kisha atafute kibodi ya pembeni, la sivyo ataiokoa shingo na kuyaumiza mabega.

Wanaonitia huruma zaidi ni vijana wa steshenari za jirani na vyuo. Wengi hulipwa kwa ukurasa, kwa hiyo kila dakika ya kunyoosha mgongo wanaiona ni hela inayopita. Msimu wa ripoti ukifika, mwanafunzi anatokea saa kumi na mbili jioni na kurasa 60 za mwandiko wa mkono, anazitaka kesho asubuhi. Anasimama nyuma ya mchapaji: "Hapo weka koma. Hapana, rudi juu." Mchapaji anageuza shingo, anarudi, anageuza tena. Daftari nalo limelala mezani upande wa kushoto, hivyo usiku kucha shingo inakwenda upande uleule. Wanangu wanafunzi, leteni kazi mapema, tena kwa mafungu, na mzipitie kwanza nyumbani ili masahihisho yapungue. Daftari lisimamisheni, liegemee kitu kando ya skrini. Nawe mwenye duka, kijana akisimama kila nusu saa kunywa maji na kujinyoosha, usidhani anategea.

Macho hayana madai makubwa: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Mbele ya skrini tunapepesa mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana yanakauka na kuwasha.

Kuna dalili moja ambayo naomba isipuuzwe: ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati, inayokuamsha usiku mpaka unakung'uta mkono. Mara nyingi ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ikiwahiwa, huenda kifaa cha kufunga mkono wakati wa kulala kikatosha. Ikiachwa, misuli ya chini ya gumba husinyaa, na kufunga kifungo cha shati kunakuwa shughuli. Kumeza diklofenaki ya dukani wiki baada ya wiki kunaweza kuumiza tumbo na figo, na neva ikabaki palepale. Nenda hospitali, uliza habari za fiziotherapia.

Waajiri, haya si fadhila. Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe sehemu ya kazi, vifaa na kazi yenyewe vinamfaa mfanyakazi. Tanzania tunayo sheria ya mwaka 2003 inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusika na magonjwa yatokanayo na kazi pamoja na ajali. Bajeti ya Julai ikiandaliwa, kila penye kompyuta mpya paandikwe na kiti chake, na atakayekikalia aitwe akijaribu kabla hakijalipiwa.