Neno "Kabla" na Shamba la Mkulima wa Hoima

Mjadala wa ardhi ulioitikisa Uganda mwaka 2017 ulisimama juu ya neno moja ambalo sisi walimu wa lugha hulifundisha mapema darasani: "kabla". Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inamhakikishia kila mtu haki ya kumiliki mali. Inakubali kwamba serikali inaweza kuitwaa mali hiyo kwa ajili ya matumizi ya umma, ulinzi, usalama au afya ya jamii, lakini inaweka sharti. Mwenye mali atalipwa bila kucheleweshwa, fidia ya haki na ya kutosha, kabla mali yake haijachukuliwa. Muswada wa kurekebisha Katiba uliopelekwa Bungeni mwaka huo ulitaka kuulegeza mpangilio huo. Naomba tuusome pamoja, kwa sababu wengi waliousifu na wengi walioulaani hawakuusoma.

Muswada haukusema kwamba ardhi ingechukuliwa bure. Ulisema hivi: iwapo serikali na mwenye mali hawakuafikiana juu ya kiasi cha fidia, serikali ingeweka mahakamani kiasi ilichokikadiria yenyewe, kisha ingeimiliki ardhi na kuendelea na kazi. Mwenye mali angeruhusiwa kuzichukua fedha hizo wakati wowote huku shauri lake likiendelea, na Bunge lingetunga sheria ya kuweka muda wa kumaliza mashauri ya namna hiyo.

Hoja za serikali si za kupuuzwa. Barabara na reli hucheleweshwa na mabishano ya bei. Mikopo ya miradi hugharimu nchi hata fedha zinapokuwa zimelala bila kutumika. Tena wapo walanguzi wanaonunua ardhi haraka wakishanusa habari za mradi, kisha hudai bei za ajabu. Atakayekana hayo hatakuwa anasema kweli. Swali ni je, dawa iliyopendekezwa ingemwangukia nani?

Kulijibu swali hilo twende wilaya ya Hoima, kando ya Ziwa Albert, mahali ambapo mafuta yamegunduliwa na ambapo mzozo huu una mizizi yake. Ujenzi wa barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya ulipogusa mashamba ya watu, shauri lilifunguliwa hadi likafika Mahakama ya Juu. Mwaka 2015 mahakama hiyo iliamua kwamba kifungu cha 7(1) cha Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1965, kilichoiruhusu serikali kuingia katika ardhi kabla ya kulipa, kinapingana na Ibara ya 26. Kwa maneno mengine, mkulima wa Hoima alikwenda mahakamani kulitetea neno "kabla", akashinda. Muswada wa mwaka 2017 ulikusudia kumpokonya ushindi huo kwa kuibadili Katiba yenyewe.

Sasa chukua mfano wa mwananchi wa kawaida wa wilaya hiyo. Ana ekari tatu alizorithi kwa mila, hazina hati. Amepanda muhogo, mahindi na migomba, na kaburi la baba yake liko nyuma ya nyumba. Mthamini anakuja, anahesabu mashina, anataja kiasi. Mwananchi anaona hakitoshi hata kununua ekari moja katika kijiji cha jirani. Chini ya Katiba ilivyo, anayo silaha moja tu: anaweza kusema, "Tukubaliane kwanza." Serikali yenye haraka italazimika kuketi naye, kumsikiliza, pengine kuhesabu upya. Muswada ungepita, silaha hiyo isingekuwapo tena. Fedha zingewekwa mahakamani, tingatinga lingeingia shambani, na yeye angebaki kuwa mdai.

Utaniambia kwamba angeweza kuzichukua fedha zilizowekwa. Ni kweli. Lakini angekuwa tayari hana shamba. Kwa fedha hizo hizo angelisha watoto, angepanga nyumba, angetafuta ardhi nyingine na angemlipa wakili. Mahakama Kuu iliyouhudumia upande huo wakati huo ilikuwa Masindi, na kila tarehe ya kesi ilikuwa nauli na siku moja isiyo na kazi. Serikali kwa upande wake isingekuwa na cha kuiharakisha, kwa kuwa kile ilichokihitaji ingekuwa imekwisha kukipata. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Haki iliyoko katika jalada la mahakama, shamba likiwa limekwisha kuchimbwa, ndiyo fimbo ya namna hiyo.

Wala tusidhani kwamba neno "kabla" limekuwa ulinzi mkamilifu. Katika kata ya Kabaale, tarafa ya Buseruka, vijiji 13 vyenye zaidi ya watu 7,000 vilitakiwa kuhama kupisha kiwanda cha kusafisha mafuta kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 29. Kazi ya kuwahamisha ilianza mwaka 2012. Waliochagua kupewa ardhi nyingine badala ya fedha walisubiri kwa miaka, huku wakiwa wamezuiwa kupanda mazao ya kudumu na majirani zao wakiwa wamekwisha kuondoka. Ikiwa hali ilikuwa hivyo sharti la kulipa kwanza likiwa bado limo katika Katiba, ingekuwaje likilegezwa?

Wa kwanza kuumia wangekuwa wale ambao majina yao hayamo katika karatasi. Mke anayelima kila siku angeweza kupata habari kwamba kiasi kimewekwa mahakamani baada ya mumewe kukichukua. Wajane na wachungaji wanaotumia malisho ya pamoja nao wangepata taabu kuthibitisha madai yao baada ya mipaka kufutwa na tingatinga. Mti ukiwa umesimama, ni ushahidi. Ukishang'olewa, umebaki kuwa maneno tu.

Yapo marekebisho yanayoweza kuharakisha miradi bila kuigusa Ibara ya 26. Bodi za Ardhi za Wilaya zinatakiwa na Sheria ya Ardhi kuandaa orodha ya viwango vya fidia na kuipitia kila mwaka; zipewe fedha na wataalamu wa kufanya kazi hiyo. Ibara ya 243 ya Katiba inatambua mabaraza ya ardhi, ambayo yalisimama kazi. Yafufuliwe, ili bei iamuliwe karibu na shamba kwa majuma badala ya miaka. Na hakuna mradi upaswao kuanza fedha za fidia zikiwa hazijatengwa. Hatua hizi zitambana mlanguzi bila kumwonea mkulima.

Wewe msomaji una nafasi ya kusikika. Kurekebisha Ibara hii kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote katika usomaji wa pili na wa tatu. Kabla ya hapo kamati ya Bunge hupokea maoni ya wananchi. Mtafute mbunge wako, umwulize angepigaje kura na kwa nini. Mjadili jambo hili katika mkutano wa kijiji, wanawake wakiwapo na wakisema.

Aidha, uzijue haki zako za sasa. Sheria ya Ardhi inakupa posho ya usumbufu ya asilimia 15 juu ya fidia, na asilimia 30 ukipewa notisi isiyofika miezi sita. Orodhesha mazao na majengo yako mapema. Usitie sahihi fomu ambayo haujasomewa kwa lugha unayoielewa, na mwenzi wako awepo.

Naipenda barabara nzuri. Wanafunzi wangu wanaihitaji. Ninachopinga ni barabara inayojengwa kwa mkopo uliochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa maskini kuliko wote, ambaye hakuulizwa kama anaweza kukopesha. Wabunge wetu wakifika kwenye neno "kabla", waliache lilipo.