Mulika mwizi na galaksi hafifu

Chuo chochote kando ya barabara kuu ya Thika kikitaka kuingia katika utafiti wa galaksi hafifu, kitu cha mwisho kununua kiwe darubini. Najua kauli hii haitapendwa, maana darubini ina uzinduzi na mheshimiwa wa kukata utepe.

Mwaka 2015 Pieter van Dokkum, Roberto Abraham na wenzao walitangaza galaksi hafifu 47 katika kundi la galaksi la Coma, umbali wa miaka-nuru zaidi ya milioni 300. Baadhi zinakaribia upana wa galaksi yetu, lakini nyota zake hazifiki hata asilimia 1 ya zetu. Mng'ao wake umezidiwa na ule wa anga lenyewe la usiku, hata penye giza totoro. Chombo chao, Dragonfly, kilikuwa lenzi za Canon zilizofungwa pamoja, zilezile za wapiga picha wa michezo. Kilichowafaa ni anga jeusi la New Mexico na ustadi wa kuchuja mwanga usiotakiwa.

Sasa njoo Ruiru. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini humo na 251,407 Thika. Nani atamwambia mama mboga anayefunga kibanda saa tatu usiku kwamba taa ya barabarani tunayoiita mulika mwizi izimwe kwa ajili ya galaksi? Si mimi. Taa zifunikwe juu zimulike chini, kwani mwanga unaopaa angani haumkamati mwizi, na stima yake inalipiwa. Lakini hata zikifunikwa zote, galaksi hizo hazitaonekana kutoka Juja, kilipo chuo cha JKUAT.

Data je? Picha za Legacy Surveys ziko wazi mtandaoni, bure. Dennis Zaritsky na kundi lake la Arizona walichambua picha hizo, zilizokwisha kupigwa, wakaorodhesha maelfu ya galaksi zinazodhaniwa kuwa za aina hii. Nasi tuna funzo letu: tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa astronomia ya eksirei, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi. Waliochambua data yake walikuwa Marekani, na kiongozi wao, Riccardo Giacconi, akapata Nobel mwaka 2002.

Basi JKUAT na vyuo jirani vielekeze fedha kwenye intaneti ya kasi, kompyuta na wahadhiri wa kusimamia uzamili. Darubini ndogo ya kuwaonyesha watoto pete za Zohali inunuliwe pia. Kwa kazi hiyo, anga la Thika linatosha.