Daftari la Wiki: Ku Biro ya Depite

Jumatatu simu iliita kabla sijamaliza chai. Alikuwa jirani yangu, mama wa Kikongo aliyekaa kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, karibu miaka ishirini kabla ya kuletwa hapa Lancaster, Pennsylvania. Nikamwamkia. Akaitika "marahaba" kwa lafudhi ya Kasulu kabisa, kisha akarudi kwenye Kiswahili cha kwao: "Mwanangu, unisindikize ku biro ya depite. Makaratasi yamenishinda."

Biro ni ofisi na depite ni mbunge. Lakini mbunge yupi? Sisi Watanzania kila mbunge tuliyemchagua kwa kura ni mbunge wa jimbo, na jimbo ndilo eneo lake la uchaguzi. Hapa jimbo ni Pennsylvania nzima, watu milioni 13, nayo ina bunge lake mjini Harrisburg lenye wawakilishi 203 na maseneta 50. Mwakilishi mmoja ana watu kama 64,000 wa kuwasemea. Hawa si wale wa Washington tunaowaona kwenye televisheni. Wageni wengi tunakaa hapa miaka bila kujua kwamba hawa wa Harrisburg wapo, ingawa ndio wenye kauli juu ya leseni ya gari, fedha za shule ya mtoto na barabara kuu inayopita mbele ya nyumba.

Wetu simtaji jina. Mwaka huu wa 2026 viti vyote 203 vinagombewa, kura za mchujo ni Mei, na sitaki ukurasa huu ugeuke bango la kampeni ya mtu.

*

Ofisi yenyewe ni fremu ya duka, kati ya kinyozi na mahali pa kufulia nguo. Ndani kuna bendera mbili, viti sita, rafu ya fomu na hita inayopiga kelele. Mwakilishi hakuwepo, alikuwa kikaoni Harrisburg, na hakuna aliyemuulizia. Aliyekuwepo ni mama wa makamo, miwani ikining'inia shingoni, ambaye ameijua kazi hii kama fundi cherehani anavyojua kipimo cha mwili kwa kutazama tu.

Mbele yetu walikuwa watatu. Mzee mmoja alitaka kibali cha kuegesha gari kwenye nafasi za walemavu. Kijana alikuja kuomba cheti cha kuzaliwa, na alichotozwa ni dola 20 za serikali tu, kwa sababu ofisi haidai hata senti kwa kumsaidia. Dada mwingine aliambiwa jina lake liko kwenye orodha ya fedha zisizo na mwenyewe: amana za benki zilizosahauliwa, mishahara ya mwisho isiyochukuliwa, malipo ya bima. Hazina ya Pennsylvania imeshikilia zaidi ya dola bilioni 4 za namna hiyo. Tangu 2025, kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, baadhi ya fedha hizo, hadi dola 500, zinarudishwa kwa mwenyewe bila yeye kudai. Kinachozidi hapo lazima udai, na ili udai lazima kwanza ujue. Yule dada hakuwa anajua. Alikuja kuhuisha usajili wa gari.

Zamu yetu ilipofika, Mama alimwaga bahasha yake mezani.

Suala lake ni marejesho ya kodi ya majengo na pango, mpango ulioanza 1971 na unaoendeshwa kwa fedha za bahati nasibu ya jimbo. Unawahusu wenye miaka 65 na kuendelea, wajane kuanzia miaka 50, na watu wazima wenye ulemavu. Mwenye nyumba hurudishiwa sehemu ya kodi aliyolipa, na mpangaji hurudishiwa pia, maana pango lake limebeba kodi ya mwenye nyumba ndani yake. Napenda sana wazo hilo. Linamtambua mpangaji kuwa naye ni mlipa kodi.

Kwa miaka mingi mpangaji aliyepata zaidi ya dola 15,000 kwa mwaka alikuwa nje, wakati mwenye nyumba aliruhusiwa hadi 35,000. Pensheni ilipopandishwa kidogo kufidia ugumu wa maisha, wazee walijikuta wamevuka mstari kwa dola chache na kupoteza mamia. Waliokuwa wakiwaambia "mwaka huu hupati" ni hawa hawa wa kwenye fremu. Nilimuuliza yule mama wa ofisini kama anaikumbuka miaka hiyo. Akavua miwani na kunyamaza kwa muda, kisha akasema kuna bibi mmoja aliyemrudisha miaka miwili mfululizo, na kila mara yule bibi alimshukuru.

Mwaka 2023 bunge lilibadilisha sheria. Kikomo kikawa dola 45,000 kwa mwenye nyumba na mpangaji sawasawa, kikipanda kufuatana na bei za bidhaa, na marejesho ya juu kabisa yakatoka 650 hadi 1,000. Gavana Josh Shapiro alitia saini Agosti mwaka huo. Baraza la Wawakilishi wakati huo lilikuwa limegawanyika kwa kiti kimoja, 102 kwa 101, na bado jambo hili lilipita. Naamini lilipita kwa sababu katika kila wilaya ya uchaguzi, ya chama hiki au kile, kuna fremu kama hii na bibi aliyerudishwa mlangoni. Mbunge ambaye ofisi yake inajaza fomu anapata habari ambazo hakuna mtaalamu atakayemletea.

Fomu ya Mama ilikamilika kwa dakika ishirini, ukiacha karatasi moja: cheti cha pango, ambacho mwenye nyumba wake hupaswa kutia saini. Mwenye nyumba huyo hapokei simu. "Mpelekee kwa mkono," tuliambiwa. "Akikataa, rudini. Kuna hati ya kiapo ambayo mpangaji anajaza badala yake." Nililiandika hilo kwa herufi kubwa, na naliandika tena hapa kwa ajili ya kila msomaji ambaye mwenye nyumba wake hapokei simu.

Tulipoinuka, Mama alifungua kifundo cha kitenge chake, akatoa noti ya dola 20 iliyokunjwa mara nne, akaisukuma mezani. Bakshishi, au matabishi kama wanavyosema Wakongo. Maisha yake yote, ofisi yenye bendera imekuwa mahali pa kuacha kitu. Yule mama hakushtuka wala hakumkemea. Aliirudisha ile noti kwa vidole viwili, taratibu, akaniomba nitafsiri: "Mwambie ameshalipa. Hulipa kodi kila anaponunua sabuni." Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye, akairudisha noti kwenye kifundo. Njiani hakusema neno hadi tulipofika kwake.

*

Ile noti imenikumbusha kwamba mikono safi ya ofisi hizi ina historia yake. Kulikuwa na kesi kubwa hapa, magazeti yaliita Bonusgate, iliyoanza na habari kwamba wafanyakazi wa bunge wamelipwa bonasi za fedha za umma kwa kazi ya kampeni. Uchunguzi ulipanuka ukawagusa wa vyama vyote viwili. Mwaka 2012 watu wawili waliowahi kuwa Maspika, John Perzel wa Republican na Bill DeWeese wa Democrat, walihukumiwa kifungo. Kosa kubwa lilikuwa kutumia watu na mali za umma kutafutia kura.

Mstari ni huo. Mshahara wa yule mama mwenye miwani unatoka kwa umma, kwa hiyo hawezi kukuuliza ulimpigia nani, na mimi niliyemsindikiza Mama sikuulizwa hata kama nina kadi ya mpiga kura. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea mbunge anayepimwa kwa mfuko wake: amechanga ngapi msibani, amelipia karo watoto wangapi. Baadaye zikaja fedha za majimbo kwa sheria, Kenya tangu 2003 na Tanzania tangu 2009, na shule na zahanati zimejengwa kweli. Lakini fikra ya kwamba mbunge anatoa haijatuondoka. Ndiyo maana ile "ameshalipa" imenikaa kichwani wiki nzima.

*

Theluji, Jumatano. Barabara yetu ndogo haikukwanguliwa mpaka jioni, na kijana wa jirani akasema atampigia mwakilishi. Nikamwambia apige manispaa, kwani mitaa ni ya mji. Barabara za jimbo, karibu maili 40,000, ndizo ambazo simu ya mwakilishi inaweza kuamsha mtu. Kujua mlango wa kugonga ni nusu ya safari, na nimechelewa miaka kujifunza milango hii.

*

Siku hiyo hiyo, niliporudi nyumbani kwa miguu, nilipita makaburi madogo ya pembeni mwa mtaa wa Chestnut, alikozikwa Thaddeus Stevens. Wamarekani wanamkumbuka kwa vita vyake dhidi ya utumwa alipokuwa Washington. Mimi namkumbuka zaidi kwa alichofanya kabla hajahamia Lancaster, alipokuwa mwakilishi wa kawaida kwenye bunge la Pennsylvania.

Mwaka 1834 jimbo lilipitisha sheria ya shule za umma za bure. Watu wengi waliichukia kwa sababu ilileta kodi. Maombi ya kutaka ifutwe yalimiminika, na Seneti ya jimbo ikakubali kuifuta. Aprili 1835 Stevens, mtoto wa mama maskini, aliyezaliwa na mguu uliopinda, alisimama Harrisburg akaitetea, na Baraza la Wawakilishi likakataa kuifuta. Huo nao ni msaada kwa wakazi, na ni mgumu kuliko kujaza fomu, maana ulihitaji awakatalie waliokuwa wakipiga kelele nyingi kwa ajili ya watoto ambao hawakuwa na kura. Alichagua kuzikwa hapa kwa sababu makaburi mengine ya mji yalibagua rangi, haya hayakubagua. Asubuhi basi la shule hupita jirani yake likiwa na watoto wanaosema Kiswahili, Kinepali na Kihispania, na hakuna mzazi wao aliyelipa karo.

*

Kwa hiyo siwezi kusifu fremu ya mtaani nikanyamazia Harrisburg. Bajeti ya 2025 ilitakiwa iwe tayari mwisho wa Juni. Ilitiwa saini Novemba 12. Zaidi ya miezi minne, shule na kaunti zilisubiri fedha za jimbo, na mashirika yanayosaidia wazee na wanawake wanaopigwa yalikopa au yalipunguza huduma. Mwakilishi wa Pennsylvania hulipwa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka kwa kazi ya kudumu, na bajeti ndiyo kazi ya kwanza. Sina huruma nao hapo. Nasema pia kwamba bajeti hiyo ilipokuja ilileta nafuu mpya ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, hadi dola 805, inayodaiwa kwa mara ya kwanza msimu huu. Wengi mnaofanya kazi ghalani na viwanda vya nyama mtastahili. Muulizeni anayewajazia kodi, na asipoijua, nendeni kwenye fremu.

*

Alhamisi nilirudi ofisini kuchukua fomu za watu wawili wa kanisani. Kwenye kiti cha mwisho alikaa mwanaume wa makamo, kofia mikononi. Mkewe na watoto wawili wako Nyarugusu. Walikuwa wamefikia hatua ya mwisho, hata vipimo vya afya vimekwisha, kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi. Amesikia depite anasaidia watu.

Uhamiaji si wa jimbo. Ni wa Washington, na mwakilishi wa Harrisburg hana karatasi ya kutia saini juu yake. Yule mama alimweleza hivyo, nami nikatafsiri, na nilitamani neno "hapana" liwe refu zaidi ili lichelewe kumfikia. Kisha akainua simu, akapiga ofisi ya mbunge wa Washington, akasubiri muziki wa simu kwa dakika kumi na moja, akataja jina lake na la mkewe herufi kwa herufi, akamwandikia tarehe ya miadi. Hakumwahidi kitu. Yule mwanaume aliikunja ile karatasi, akaiweka ndani ya kofia, akavaa kofia.

Nimeandika wiki hii juu ya mengi yanayowezekana. Hili sijui niliweke wapi, ila sitaliacha nje.

*

Jumamosi, Central Market. Mama alikuwa kwenye foleni ya mboga, akachomoa bahasha kwenye kapu kabla hata sijamwamkia. Saini ilikuwepo. Alikwenda kwa mwenye nyumba alfajiri, akakaa ngazini mpaka mtu atoke kwenda kazini, akamnyooshea karatasi na kalamu pamoja. "Hakuuliza kitu," alisema.

Aliuliza fedha zitakuja lini. Nikamwambia malipo huanza Julai 1. Akahesabu miezi kwa vidole, akaona ni mbali lakini si mbali sana, akachagua sombe mbili kwa yule muuzaji anayewaletea Wakongo majani ya mihogo.

"Jumatatu uje na gari," akasema. "Nimeshawaambia wajane wengine wawili. Mmoja hajui kusoma, mwingine mwenye nyumba wake ni mkali. Tutakuwa watatu, na wewe."

Saa tatu asubuhi, nimeandika. Na kalamu mbili.