Programu ya ufundi: ni nani anasemea ateliye?

Chukua kijana wa Lubudi mwenye kumaliza opsioni ya umeme. Diploma ya Serikali iko mkononi. Anaenda Fungurume, anasimama kwa mlango wa kompani na papiye zake katika bahasha. Ndani wanamuuliza kama amekwisha kufunga moteri ya fazi tatu, kama anajua kusoma plani ya umeme ya kiwanda. Moteri hiyo anajua kuichora vizuri sana katika kaye. Kuifunga kwa mikono yake, hajawahi.

Wazazi wengine watalaumu kijana, wengine mwalimu, wengine kompani yenye kutafuta wafanyakazi mbali. Lakini kuna swali lingine ambalo hatuliulizi mara nyingi: siku watu walipokaa kuamua kijana huyu afundishwe nini na kwa vyombo gani, ni nani alikuwa pale kusemea ateliye?

Programu inatoka wapi?

Katiba ya 18 Februari 2006 iligawanya kazi hii. Kifungu cha 202 kinaachia serikali ya kati kuweka kanuni za mafundisho kwa nchi nzima. Kifungu cha 204 kinaweka elimu ya maternele, ya msingi, ya sekondari na ya ufundi katika kazi za jimbo, kwa kufuata kanuni zile za Kinshasa. Kisha ikaja sheria 14/004 ya 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa, yenye kusema kwamba serikali haisomeshi peke yake, inashirikiana na wengine.

Hao wengine ni nani? Makanisa na dini zingine zina sauti tangu mapatano ya 1977; njo maana tunasema shule za konvansione, na kila dini ina kordinasio yake. Wazazi wana komite yao, COPA. Katika baraza la usimamizi la shule, kwa kawaida utakuta prefe, wakubwa wa masomo na nidhamu, mjumbe wa walimu, mjumbe wa wazazi, pengine na mwanafunzi. Hao wote wana haki ya kuwa pale. Lakini mara nyingi hakuna mtu mwenye kukaa pale kwa sababu anajua ateliye. Mjumbe wa walimu anaweza kuwa wa historia au wa Kifaransa. Mambo ya sudire, ya moteri, ya mashini za kushona, yanasemewa na mtu asiyeyafanya.

Tena kuna wizara mbili. Sehemu za ufundi katika sekondari ziko chini ya wizara ya elimu, yenye kuitwa tangu 2024 Elimu ya Taifa na Uraia Mpya. Sentre za kujifunza kazi zinaangaliwa na wizara ya Formasio ya Kazi. Watoto wawili wa nyumba moja wanaweza kujifunza sudire, mmoja shuleni, mwingine katika sentre, chini ya mawaziri wawili na programu mbili zisizoongea.

Kiti kimoja kinageuza nini?

Mtu atasema: programu inaamuliwa Kinshasa, mwalimu wa ateliye wa Lubudi atafanya nini? Anaweza kufanya mingi. Kuna mambo yenye kuamuliwa hapa hapa karibu nasi: shule iombe kufungua opsioni gani, franka za wazazi zinunue nini, staje ifanyike wakati gani, kompani iombwe nini.

Angalia opsioni. Shule nyingi zinafungua pedagojia au komersiale. Sababu yake inajulikana: darasa, ubao na chaki vinatosha. Umeme au mekanike inaomba vyombo, nafasi, courant, na bageti za sudire zenye kuisha kila wiki. Kama katika baraza hakuna mtu wa kueleza gharama hiyo, opsioni ya ufundi itafungwa, ao itabaki na jina tu. Mtoto atasoma miaka minne, atafika mbele ya juri ya pratike ya Exetat, na siku ile njo atagusa chombo mara ya kwanza.

Angalia tena kodi ya migodi. Sheria ya 9 Machi 2018 inaomba kompani ya migodi itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vya karibu, na ahadi zake ziandikwe katika kaye ya masharti pamoja na wenyeji. Teritwari yetu ya Lubudi ina Tenke na Fungurume, ambako TFM inatoa shaba tangu 2009. Wakati wa kuandika kaye ile, watu wanaomba darasa, mabati, viti. Ni muzuri. Lakini darasa linaonekana siku ya kukata utepe. Ateliye isiyo na vyombo haionekani. Mtu wa ufundi akiwa mezani, ataomba mabenchi, moteri za zamani za kujifunzia, na nafasi za staje zenye hesabu.

Wengine wamefanyaje?

Hatuna haja ya kwenda mbali. INPP, iliyoanzishwa 1964, iliwekwa juu ya pande tatu: serikali, wenye kazi na sendika. Kenya ilitunga sheria ya ufundi mwaka 2013 na kuweka baraza la pekee la kutengeneza mitaala ya ufundi na kupima wanafunzi wake. Tanzania ilianza Januari 2024 mkondo wa amali katika sekondari. Hizo nchi zina shida zao, lakini zilikubali jambo moja: ufundi unaomba watu wake mezani.

Patron asikae peke yake

Hapa kuna hatari, na watu wa Katanga wanaijua. Tukisema kompani ije iandike programu yote, itaandika yenye kuifaa leo. Gécamines ilisomesha watu wengi, tena vizuri. Kisha mgodi wa Kamoto ulianguka 1990, kazi ikashuka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka katika mpango ule wa kuondoka kwa mapenzi. Wengi walikuwa na ujuzi wa mashini moja ya kompani moja. Na juzi tu, Februari 2025, serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje, na Oktoba ikaleta kota. Mtoto anayeingia sekondari leo atamaliza wakati ambapo hatujui kobalti itauzwa bei gani.

Kwa hiyo viti viwe vya watu mbalimbali: mwalimu wa ateliye, mtu wa kompani, na fundi wa muji, yule wa garage ao wa sudire kando ya barabara, mwenye kujua kazi yenye kulisha hata mgodi ukifungwa. Reli na kiwanda cha simenti vilileta ufundi Lubudi kabla ya TFM. Mtoto lazima aweze kufanya kazi kwa wote. Tuongeze mtu aliyemaliza opsioni ile, na tuangalie asiwe mwanaume kila mara, maana wasichana wengi bado wanapelekwa kukata na kushona bila kuulizwa.

Tuanzie wapi?

Kuna mambo matatu yasiyongojea Kinshasa. La kwanza: kila shule yenye opsioni ya ufundi imwite mkubwa wa ateliye katika baraza lake, hata bila sheria mupya. La pili: yeye alete karatasi moja kila muhula, yenye kuonyesha vyombo vipi vinafanya kazi, vipi vimekufa, na saa ngapi mtoto alishika chombo. La tatu: karatasi hizo zipelekwe kwa inspekta na kwa wakubwa wa elimu wa jimbo Kolwezi, kwa sababu Katiba imewapa kazi hiyo.

Bila karatasi ile, kiti kitakuwa cha heshima tu, cha kunywea soda. Mzazi naye, kwa mkutano wa Septemba, asiulize tu minervale ni ngapi. Aulize: mtoto wangu atagusa moteri mwezi gani?