Tangi la bahari lisiuzwe pamoja na samaki wake

Samaki wa mapambo wa pwani ya Kenya hupandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani. Mfanyabiashara anayetaka kuwauza Kampala au Kigali asimkabidhi mteja tangi na samaki siku moja.

Tangi jipya halina bakteria wa kusafisha maji. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa kwanza huigeuza nitriti, sumu vilevile. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara kidogo. Kuzaliana kwao huchukua wiki 4 hadi 6. Basi mteja achanganye chumvi maalumu (si ya jikoni), gramu 35 hivi kwa lita, aweke mawe na pampu, atie amonia kidogo, awe anapima. Amonia na nitriti zikishuka hadi sifuri, aingize samaki mmoja.

Ndiyo, fedha italala mwezi mzima. Lakini samaki akifa siku ya tatu, mteja harudi, na jirani zake watasikia. Matumbawe yasubiri zaidi. Yale magumu hayavuki mpaka bila kibali cha CITES. Aliyezoea kupitisha nyanya Busia asidhani ni mzigo wa namna ile.