Kabla ya Kusema, "Ametutilia Sumu"

Ndugu zangu, hapa Ngungu mtu akisafiri pamoja na jamaa yake, ni furaha kubwa. Tunashuka mpaka Minova, tunaliona ziwa Kivu, tunapanda mashua, tunakwenda kuwaamkia ndugu zetu wa Goma, wa Idjwi au wa Bukavu. Kuku anachinjwa, bugali inafungwa katika majani ya mgomba, watoto wanavaa nguo mpya. Lakini mara nyingi safari ya namna hii inaishia kwa ugonjwa wa tumbo. Watu wanatapika, wanaharisha, wanalala chini. Na baada ya tumbo yanakuja maneno. Nataka kusema juu ya maneno hayo, maana nimeona yakiharibu jamaa kuliko ugonjwa wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita watu kumi na mmoja wa jamaa moja walikwenda Bukavu kwa arusi. Huko Goma wakapanda meli ya usiku. Mtoto mmoja wa miaka mitatu alikuwa akitapika tangu asubuhi, lakini mama yake alinyamaza, kwa kuwa aliogopa wataambiwa wabaki. Ndani ya meli mtoto akatapika tena juu ya mkeka. Shangazi yake, mama mwenye moyo mwema, akapangusa mkeka kwa kitambaa, akamwagia mikono yake maji kidogo tu, akafungua kapu la chakula. Akawagawia wote kuku kwa mkono wake. Na watu walinawa katika beseni moja, wa kwanza hata wa mwisho, maji yale yale.

Kesho yake jioni, katikati ya arusi, shangazi akaanza kutapika. Usiku ule wakafuata wengine saba. Mtoto mchanga wa miezi tisa akanyimwa maji na maziwa, kwa sababu wazee walisema tumbo lipumzike. Alipofikishwa kwa wauguzi, macho yake yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, analia bila machozi. Walimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko usiku kucha, naye akapona.

Wote walipona. Lakini waliporudi nyumbani, neno lilikuwa limekwisha kuzaliwa: shangazi ametutilia sumu. Wengine wakasema ni karuho. Kwa muda wa miaka mitatu hakuna mtu wa jamaa aliyekula chakula cha mama yule. Hakuitwa kwa arusi, hakuitwa kwa kilio.

Siku moja kaka yake, baba wa yule mtoto mchanga, alikuja kwangu kuuliza dawa ya kupima sumu. Nikamwambia, "Baba, dawa hiyo sina. Lakini tuhesabu saa. Nani alitapika kwanza?" Akasema, "Yule mtoto." Nikauliza, "Kapu lilikuwa limefunguliwa?" Akasema, "Bado." "Na baada ya mtoto, nani alifuata?" Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Dada yangu mwenyewe." Nikamwuliza, "Mtu akitia sumu katika chakula, atakila yeye mwenyewe pamoja na watoto wa kaka yake?" Akainamisha kichwa.

Basi, ugonjwa huu unatoka wapi? Viko vijidudu vidogo sana vinavyoitwa virusi. Jicho haliwezi kuviona. Kimoja kinachotapisha watu wengi kinaitwa norovirusi. Jina lake linatokana na mji wa Norwalk huko Marekani, ambako mwaka 1968 watoto wa shule moja waliugua pamoja. Mwaka 1972 wataalamu waliviona vijidudu hivyo kwa darubini yenye nguvu sana. Vinakaa ndani ya matapishi na mavi ya mgonjwa. Vichache tu, hata pungufu ya mia, vinatosha kumwangusha mtu mzima. Vikiingia kinywani, kwa kawaida ugonjwa unaanza baada ya saa 12 hata 48. Hesabu saa za jamaa ile, utaona kwamba zinakubali. Mara nyingi ugonjwa unakwisha kwa siku moja mpaka tatu, lakini aliyepona anaweza kuendelea kuvitoa chooni kwa siku nyingi.

Tena ugonjwa huu hauchagui maskini. Huko Ulaya na Marekani ziko meli kubwa kama mji, zinazochukua watu elfu tatu na zaidi. Watu wanazipanda pamoja na watoto wao kwa kupumzika tu. Ndani mna daktari, maji safi, vyoo vizuri na shuka nyeupe. Hata hivyo kila mwaka katika baadhi ya meli hizo watu wengi hutapika na kuharisha, mara nyingine mia na zaidi katika safari moja. Kwa nini? Kwa sababu wanakaa pahali pamoja siku nyingi, wanashika ngazi moja, wanatumia vijiko vya kupakulia vile vile. Waganga wa meli hawamtafuti mlozi. Wanauliza nani aliugua kwanza, wanamweka chumbani mwake, na wanasafisha kila pahali palipoguswa.

Najua wengine watasema, "Lakini watu wabaya wapo." Ni kweli, wapo. Sikatai. Lakini ukimshitaki mtu bila kuhesabu saa, bila kuuliza nani alianza, unamwua jina angali hai. Na vijidudu vinabaki katika beseni lako, vinangoja safari nyingine.

Wengine watasema, "Nikikataa kwenda arusini, au nikikataa kusalimu kwa mkono, wataniona mwenye kiburi." Mimi naona kinyume. Mtu anayejua kwamba mtoto wake anatapika, naye anampeleka kati ya watu, ndiye anayewakosea wenyeji wake. Kubaki nyumbani siku mbili baada ya kutapika kukoma ni heshima. Mwenye arusi akiambiwa sababu, na ashukuru.

Tulikwisha kufundishwa haya. Wakati wa Ebola, tangu mwaka 2018 hata 2020, katika jimbo letu kulikuwa na ndoo yenye robine na sabuni milangoni. Ebola ilipokwisha, ndoo nyingi ziliwekwa maharagwe. Ndugu, toeni maharagwe, rudisheni maji.

Basi mshike haya. Kila mtu anawe kwa maji yanayomiminwa, pamoja na sabuni, kabla ya kula na baada ya choo. Msinawe wote katika beseni moja. Ile dawa ya mikono yenye pombe haitoshi kwa virusi hivi. Sabuni na maji vinashinda. Aliyesafisha matapishi asigawe chakula siku ile. Anayeugua asipike mpaka siku mbili zipite baada ya kupona. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, na pahali pale pasafishwe kwa dawa ya klori, kwa kipimo atakachokuonyesha mwuguzi.

Mgonjwa msimnyime maji. Chukueni litre moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tieni vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpeni kidogo kidogo. Akitapika, ngojeni dakika kumi, mpeni tena. Mtoto anyonye kama kawaida. Wengi wanatuomba sindano, lakini antibiotiki haziui virusi. Maji ndiyo dawa.

Lakini kama mtu anaharisha maji mengi kama maji ya mchele, au kuna damu, au mtoto analegea na hakojoi, msingoje hata saa moja. Kandokando ya ziwa letu iko kolera, nayo inaua upesi. Mwaka 1994, wakimbizi walipojaa Goma, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kuharisha. Mpelekeni mgonjwa kwenye kituo cha afya, na njiani mzidi kumnywesha.

Yule baba alikwenda kwa dada yake. Sijui walisemezana nini. Lakini Jumapili iliyofuata niliwaona watoto wake wakila bugali na sombe mlangoni pa shangazi yao. Naye alikuwa amesimama karibu nao, na birika la maji mkononi, akiwamiminia mmoja mmoja.