Kabla ya chembe za nano, tuanze na chokaa

UTAFITI wa kutumia chembe za nano kuikinga miche na sumu ya metali nzito umepamba moto duniani, na si ajabu habari zake zikaingia Njombe na Makambako zikiwa ndani ya chupa yenye nembo ya kupendeza. Ni vyema wakulima na wenye maduka ya pembejeo wakalijua jambo hili mapema.

Nanomita moja ni sehemu ya milioni moja ya milimita. Watafiti wametumia chembe za ukubwa huo, za zinki, chuma na silika, kwenye miche ya mpunga na ngano, wakaona ikifyonza kadimiamu kidogo zaidi. Hiyo ni metali inayoharibu figo za mlaji. Zinki hugombania nayo njia ya kuingia mzizini. Chuma huinasa nje. Tatizo ni kwamba majaribio mengi yamefanyika kwenye vyungu, si shambani. Tena zinki yenyewe ni metali nzito: ikizidi, inaudhuru mche uleule iliotumwa kuulinda.

Hatuibezi sayansi hiyo. Mtanzania Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio la maji linaloitumia. Lakini ndoo ya maji si ekari tatu za mahindi.

Adui wa miche Njombe anajulikana. Udongo mwingi wa huku una tindikali. Mvua ni nyingi, na mbolea kama SA na urea zimeongeza tatizo miaka nenda rudi. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imefungwa udongoni huanza kuyeyuka. Mizizi inadumaa, inakuwa mifupi na minene, haifuati maji wala fosforasi. Mkulima anaona mahindi yamegeuka zambarau, anaongeza mbolea, fedha inapotea. Kadimiamu nayo, ikiwapo, hupanda kwa urahisi kwenye udongo wa namna hiyo. Dawa iliyo karibu ni chokaa ya kilimo pamoja na samadi iliyooza.

Hata hivyo, chokaa si ya kila shamba. Chai ya Luponde na Lupembe hupenda tindikali, na viazi mviringo vikizidishiwa chokaa huota magamba ambayo mnunuzi hayataki. Kwa hiyo kipimo cha udongo kitangulie. Tunazitaka halmashauri za Njombe na Makambako zihakikishe mkulima anapata majibu kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, yakieleza mifuko mingapi ya chokaa kwa ekari. Namba ya pH peke yake haimsaidii.

Kwa wafanyabiashara, Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inataka mbolea na visaidizi vyake visajiliwe na TFRA kabla ya kuuzwa. Wakala akileta chupa ya nano, mdai cheti cha usajili na matokeo ya majaribio kwenye udongo wa tindikali hapa nchini. Akikosa, asishushe mzigo.